Fundi na Malenga Wakae Jamvi Moja

Katika simu ninayoitumia mna sentensi moja ambayo kila niionapo hunichoma. Nikiwatoa watu wawili katika kundi la mazungumzo, simu huniarifu: "Wanachama 2 imeondolewa." Nikimtoa mmoja: "Mwanachama 1 imeondolewa." Kana kwamba mwanachama ni kiti. La, nimekosea, hata kiti kingeondolewa kwa heshima ya ngeli yake. Nikifuta picha tatu huambiwa "Picha 3 imefutwa", faili nalo "imefutwa", ujumbe nao "imefutwa". Kila kilichomo duniani, kiwe na roho au kisiwe nayo, kiwe kimoja au elfu, kimetiwa katika kapu moja.

Msomaji atasema: hii ni kazi ya mtarjumani mbovu. Nami naomba nimtetee mtarjumani huyo, maana yumkini ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi na wakala mmoja wa ng'ambo, kazi ya kutia Kiswahili maneno ya programu ya simu. Kazi ya namna hii huja katika jedwali: safu ya kushoto ina maneno ya kigeni, safu ya kulia ni tupu. Maneno hayana mbele wala nyuma. Hujui kama neno litakaa juu ya kitufe au katikati ya sentensi, kama litasomwa na mwanafunzi au na mgonjwa aliyelala kitandani. Mlikuwa na neno lile ambalo Waingereza hulitumia kwa kumtoa mtu anayezama na pia kwa kuweka hati isipotee. Mwenzangu aliyepewa fungu jingine la jedwali hilohilo aliandika "Okoa". Kwa miezi kadhaa watumiaji wa programu ile waliziokoa barua zao kama mabaharia. Hilo lilichekesha watu, likasahihishwa.

La ngeli halikusahihishwa. Nilifika kwenye mstari uliokuwa na nafasi mbili zilizoachwa wazi, moja ya idadi na moja ya jina la kitu, kisha kikafuata kitenzi. Jina lolote lingeweza kuingia katika nafasi ile: mtu, picha, kundi, ujumbe. Nikaandika kuuliza ni majina gani yatakayoingia, kwa sababu kitenzi chetu hakisimami peke yake, humfuata mwenyewe. Jibu likaja baada ya siku nne: tafsiri kilichopo. Nikaandika tena, nikaeleza ngeli, nikatoa mifano. Jibu la pili lilikuwa fupi kuliko la kwanza. Basi nikaandika "imeondolewa", nikalipwa.

Kosa hili si la kukosa msamiati, maana maneno yote yalikuwapo. Wala si la ubahili wa mtambo, kwani mtambo hubeba chochote uutwikacho. Fundi aliyeijenga sentensi ile aliijenga kwa umbo la lugha yake, ambayo kitenzi chake hakibadiliki kwa mtu wala kwa jiwe. Alifikiri juu ya umoja na wingi, akaona amemaliza mambo ya sarufi ya dunia nzima. Lau angejua kuwa Kiswahili kinadai sentensi kwa kila ngeli, angeziandika sentensi kumi badala ya moja, kazi isiyomshinda. Hakujua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Nami niliyejua sikuwa na njia ya kumfikia, kwa kuwa baina yetu walikuwapo msimamizi wa mradi, na wakala, na mhakiki, na kila mmoja wao alilipwa ili kazi isonge mbele, hakuna aliyelipwa ili kazi isimame kidogo na kuulizwa.

Ndipo ninapotaka kuleta ugomvi wangu. Kumezuka imani, na imani hiyo ina wafuasi katika vyuo na katika wizara na katika mashirika ya misaada, kwamba lugha huingia katika mitambo kwa hatua mbili: kwanza mafundi hujenga nyumba, halafu watu wa lugha huitwa waje kupaka rangi. Wajumbe wa imani hii hawatuchukii. Bali hutusifu, hutuita hazina, hutuita walinzi wa utamaduni. Lakini hutuita nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa. Nami nasema nyumba ya lugha haina rangi inayopakwa baadaye. Mlango ukiwekwa pasipo mlango, hakuna chokaa itakayomwezesha mtu kupita.

Haya si mapya kwetu. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa ulioridhia kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika Afrika Mashariki, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisanifisha lugha katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Wale nao walikuwa mafundi wa aina yao: mafundi wa tahajia, wa kamusi, wa mitaala. Walikuwa na haja ya kweli, maana huwezi kupiga chapa kitabu cha hesabu kwa lahaja kumi na tano. Lakini kamati hiyo ilianza kazi bila ya mjumbe Mwafrika hata mmoja. Kimvita, lugha aliyoitungia Muyaka bin Haji, kilijikuta kimehamishwa kutoka sebuleni hadi ukumbini, kikaitwa lahaja. Mimi ni mtu wa kisiwa ambacho lugha yake ndiyo iliyoteuliwa, kwa hiyo mtu asidhani nalia kidonda changu. Ingawa hata hapa kwetu kilichoteuliwa ni Kiunguja cha mjini. Watu wa Makunduchi na Tumbatu hawakuulizwa kitu.

Na kabla ya kamati ile palikuwapo mfano mwingine, ambao ningependa mafundi wetu wa leo waujue. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, yangekuwa yamepotea mengi lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaandika. Mmishonari W. E. Taylor alikaa naye. Sikujua alijua sauti: alijua t ipi hutamkwa kwenye meno na ipi juu ya ufizi, na p ipi hutoka na pumzi na ipi haitoki, tofauti ambazo katika Kimvita hugeuza maana ya neno. Taylor alijua chapa na alikuwa na njia ya kuyafikisha maandishi mbali. Harufi za Kiarabu zilizotumika hapo hazikuundwa kwa ajili ya Kiswahili, basi zikatiwa alama za kuzibebesha sauti zetu, jambo ambalo harufi za Kilatini tunazosomeshwa hadi leo hazikulifanya. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi zikasafiri, na mwaka 1940 William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka. Hebu fikiria lau Sikujua angepewa jedwali: safu ya kushoto maneno, safu ya kulia tupu, jibu tafsiri kilichopo.

Nani alipata jina na nani hakupata katika kazi ile ni suala jingine, nitalirejea.

Mwaka 2009 kampuni ya Google ilikiingiza Kiswahili katika mtambo wake wa kutafsiri. Mitambo ya namna hii haisomi sarufi kama mwanafunzi. Hulishwa matini nyingi zilizokwisha kutafsiriwa, ikajifunza kukisia. Kwa hiyo swali la kumuuliza mjenzi wa mtambo si umetumia akili gani, bali umeulisha nini. Mwaka 2019, kwa mfano, ulitolewa mkusanyo mkubwa wa matini sambamba katika lugha zaidi ya 300, Kiswahili kikiwamo, na matini zenyewe zilitoka katika machapisho ya Mashahidi wa Yehova. Watafiti wengi wa lugha za Afrika waliutegemea kwa kuwa hawakuwa na kingine. Siwalaumu, mwenye njaa hachagui kitoweo. Lakini mtambo uliolelewa na vijarida vya mahubiri, na baadaye ukaongezewa habari za magazeti, utamfasiri Mswahili yeyote kama mhubiri au kama mwandishi wa habari. Mvuvi hayumo. Kungwi hayumo. Mtu anayemtania shemeji yake hayumo, na utani ndio nusu ya Kiswahili.

Niliujaribu mtambo mmoja kwa maneno mawili ya Kimvita, maneno ambayo mama humwambia mwanawe kila siku ya Mungu: "Ndoo kwangu." Ukaniletea habari za ndoo ya maji. Kwa Kiswahili sanifu tungesema njoo, na mtambo haukuwahi kuambiwa kwamba Mombasa na Lamu ziko. Vivyo hivyo nti ikiwa nchi, ndia ikiwa njia, mato yakiwa macho. Andika shairi kwa lugha hiyo katika kompyuta yenye kisahihishi cha tahajia, nawe utaona ukurasa mzima umepigwa mistari myekundu kama daftari la mtoto aliyeshindwa mtihani. Tangu mwaka 1973 Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla imesomwa na kuheshimiwa kotekote inakosomwa Kiswahili, nayo ni ya Kimvita. Kisahihishi kingemrejesha Abdilatif darasani.

Fundi atanijibu, na nimekwisha jibiwa hivyo uso kwa uso: tuletee matini za Kimvita nasi tutazitia. Jibu hili lina adabu, na ndani yake mna kosa lilelile. Anachotaka ni shehena. Hataki kukaa na mtu atakayemwambia kwamba swali lenyewe limekaa upande. Kwa mfano, mtambo unatakiwa ufanye nini ukikutana na ndoo? Ukisie maana moja? Uulize? Umwachie mwenye kuandika aseme mapema kwamba yeye ni wa Mombasa? Hayo ni maamuzi, na kila uamuzi humpandisha mtu na kumshusha mwingine. Mwanafikra wa jamii, yule aliyesoma jinsi lugha moja ilivyofanywa ya ofisini na nyingine ya jikoni, ana neno la kusema hapo kabla ya kuandikwa mstari wa kwanza wa programu. Baadaye atakuwa analalamika tu, kama ninavyolalamika mimi sasa.

Sasa nigeuke upande wetu, maana ugomvi wa upande mmoja ni masengenyo.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi ulioitwa Kilinux kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyopewa jina la Jambo. Ilikuwa programu huria, yaani kila mtu aliruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Ili kufika hapo ilibidi kukusanywa na kukubaliwa mamia ya istilahi. Mlango ulikuwa wazi kuliko ulivyowahi kuwa: mwenye kuona neno limekosewa angeweza kuandika na kulipendekeza jingine. Sisi washairi tulifanya nini? Tulicheka. Nakumbuka barazani kwetu gazeti likipita mkono kwa mkono, na kila mmoja akichagua neno la kulidhihaki. Mmoja alikasirishwa na kipanya. Mwingine alishikilia kwamba kompyuta lazima iitwe ngamizi, mwingine tarakilishi, wakakoseana adabu mpaka adhana ya alasiri. Hakuna aliyeandika barua. Mimi nilikuwa kijana katika baraza lile, nikacheka kwa sauti kuliko wote, na leo nayaona baadhi ya maneno tuliyoyacheka yakiwa midomoni mwa wajukuu wa waliocheka.

Kuna malenga, na ni wengi, wanaoamini kwamba kutojua mambo ya mitambo ni sehemu ya utukufu wa malenga. Hupeperusha ujinga huo kama bendera. Husema mashine haiwezi kutunga, nami nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Halafu husema kwa hiyo mashine si yetu, na hapo ndipo tunapoachana. Mashairi yetu yamo katika kanda za redio zinazoota ukungu, yamo katika misahafu na madaftari ya harufi za Kiarabu yaliyoliwa na mchwa, yamo katika vifua vya wazee ambao mwaka huu wako na mwakani hatujui. Anayeweza kuyafanya yasomeke na yatafutike ni fundi. Na fundi asiyejua wapi shairi linakatika ataliandika kama habari ya gazeti, vipande viwili vya mshororo vikiwa vimebanana, kina cha kati kimezikwa. Nimeona tenzi zilizotiwa mtandaoni namna hiyo. Heri zingebaki kwa mchwa, angalau mchwa hula kwa siri.

Wako pia watu wa kundi la tatu, nao ndio wanaonikera zaidi, kwa kuwa wana nia njema. Hawa ni waandaaji. Wamesikia kwamba mafundi na wanafikra hawakutani, basi wamefungua kundi la mtandaoni, wamewaingiza watu mia mbili kwa siku moja, wameandika "Karibuni nyote, tujadili", wakaenda zao. Juma la kwanza ni salamu. Juma la pili mtu hutuma tangazo la semina. Kufikia mwezi wa tatu kundi limekuwa la taazia na heri za Idi. Kumkusanya mtu na mtu si kuwakutanisha. Bandarini watu mia tano hukutana kila asubuhi wakingoja boti ya kwenda Dar es Salaam, na hakuna jumuiya iliyozaliwa pale.

Hata zawadi haisaidii. Baina ya mwaka 2009 na 2010 Google iliandaa shindano la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, ikiwalenga wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala mamia ziliandikwa, na zawadi zikatolewa. Wengi wa waandishi wale hawakuonekana tena baada ya hapo. Kazi ya kusafisha, kuunganisha, kubishana juu ya jina la mnyama au la nyota, iliwarudia walewale wachache waliokuwapo tangu mwanzo, wasiolipwa na yeyote. Nami nasema jumuiya ilikuwa ni wale wachache. Wale wengine walikuwa vibarua wa msimu, na kibarua hana ubaya, lakini usimwite ndugu siku ya karamu ukamsahau siku ya pili.

Kilichowaunganisha watu wa lugha zamani kilikuwa ubishi. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na katika kurasa zake mtunzi wa Tanga angetupa fumbo, wa Mombasa akalijibu, wa Unguja akamkosoa mizani yule aliyejibu. Majibu yalichukua mwezi. Hawakuwa wameonana, wengine hawakuonana maisha yao yote, lakini walijuana kwa makosa na kwa ufundi wao. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kupoteza: akikosea vina, Pwani nzima ingejua. Hiyo ndiyo tofauti na makundi ya leo, ambamo hakuna anayepoteza kitu kwa kunyamaza wala kwa kuropoka. Mleteni fundi na malenga mbele ya kazi moja, ambayo ikiharibika itawaaibisha wote wawili, muone kama hawatazungumza.

Nimeona mifano miwili ya karibuni inayoelekea huko, wala sitaki kuwa mtu asiyeona jema. Wa kwanza ni Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika inayofanya kazi zake kwa mtandao. Jina lake ni la Kizulu, lenye maana ya tujengane. Mwaka 2020 walichapisha taarifa ya kazi yao iliyokuwa na washiriki mia kadhaa kutoka nchi nyingi, na jambo lililonivutia si mitambo waliyoiunda. Ni kwamba mtarjumani, mkusanyaji wa matini na mwenye lugha anayepima kama tafsiri inafaa, walihesabiwa kuwa washiriki wa utafiti kama alivyohesabiwa mwandika programu. Wa pili ni mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, uliopata fedha mwaka 2021 za kukusanya sauti za Kiswahili. Watu husoma sentensi kwa sauti zao, wengine husikiliza na kuzipitisha au kuzikataa. Na katika mradi huo suala la lahaja lilijadiliwa na watu wanaozijua lahaja.

Lakini hapa ndipo ninaporudi kwa Mwalimu Sikujua. Sauti zinazokusanywa katika mradi ule huachwa huru kabisa: yeyote, awe mwanafunzi wa Pemba au kampuni kubwa ya ng'ambo, anaweza kuzichukua na kuzitumia bila ya kulipa wala kutaja. Wenye mradi wanazo sababu zao, na zipo zenye uzito: sauti ikifungiwa, kijana wa Zanzibar asiye na mtaji hataweza kuunda chochote. Naelewa. Ila naona kwamba uamuzi ule, uamuzi mzito kuliko wowote kuhusu mali ya watu wasio na mali nyingine, ulikuwa umekwisha kufanywa kabla ya msomaji wa kwanza kufungua kinywa. Yule bibi wa Micheweni anayesoma sentensi kwa lafudhi ambayo haipo popote pengine duniani, ameambiwa anaisaidia lugha yake. Ni kweli anaisaidia. Ameambiwa pia kwamba mtambo utakaosema kwa lafudhi hiyo huenda ukauzwa? Mwanasheria, mwanahistoria na mtu wa maadili wangekuwa katika jamvi tangu siku ya kwanza, pengine uamuzi ungebaki uleule. Lakini ungekuwa umebishiwa.

Na ninaposema jamvi moja, sina maana ya jukwaa lenye meza na majina ya wageni waalikwa. Nitaeleza nililoliona.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyesomea kompyuta, alinijia akifurahi. Ameunda programu ya kuhesabu mizani. Unaandika mshororo, programu inakwambia kama una mizani kumi na sita au umepungua. Nilitaka kumfukuza, nikakumbuka kicheko cha mwaka 2004, nikamkaribisha. Alikuwa amefikiri vizuri. Tahajia yetu ni nyoofu, kila irabu ni silabi, kwa hiyo alihesabu irabu, akaongeza m na n zinazosimama peke yake kama katika mtu na nchi. Kanuni aliyoiandika ilisema: m ikifuatwa na b, isihesabiwe, kwa kuwa mbuzi ni mbu-zi na mbali ni mba-li.

Nikampa mbunge. Programu ikasema mizani mbili. Nikamwambia atamke. Akatamka, m-bu-nge, akasita. Nikampa mbwa, na mbu anayeuma, ambao wote ni mizani mbili mbili, programu ikasema moja moja. Hapo akaanza kuandika katika karatasi. Nikampa mbuni, akauliza mbuni yupi, nami nikafurahi, maana amekwisha ingia mtegoni mwenyewe: ndege ni mbu-ni, mizani mbili, mti wa buni ni m-bu-ni, mizani tatu, na mtu anayebuni ni tatu vilevile. Harufi zilezile. Halafu nikampa nililolihifadhi: mtu mbaya na nyumba mbaya. Neno moja, tahajia moja, na katika la kwanza m inasimama, katika la pili imemezwa na b. Hakuna kanuni ya herufi itakayokutoa hapo. Ni lazima programu ijue ngeli ya jina lililotangulia, yaani ni lazima isome sentensi kabla ya kuhesabu.

Alikaa kimya muda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba hilo si gumu, mtambo una uwezo wa kutafuta jina lililotangulia, ila hakuwahi kujua kwamba panahitajika. Akaniuliza na mimi: wewe unajuaje kwamba mshororo una mizani kumi na sita? Nikasema nausikia. Akauliza unasikia nini hasa. Nikashindwa. Miaka thelathini natunga, nimesoma Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi za mwaka 1954 hadi jalada likang'oka, na sikuwa na jibu la swali la kijana asiyejua tathlitha na tarbia. Tangu siku ile hunijia kila Ijumaa baada ya sala, na nimejifunza kuhusu mizani mambo ambayo hakuna mshairi mwenzangu aliyewahi kunilazimisha kuyafikiri.

Mwezi uliopita wakala mwingine aliniandikia, akinitaka nimrekodie mashairi yangu kwa sauti pamoja na tafsiri, malipo kwa dakika. Nilijibu kwamba nitakuja kwa sharti moja: mtu mwenye uwezo wa kuubadilisha mtambo awemo katika mazungumzo, siyo msimamizi wake. Sijajibiwa.

Huku nyumbani kijana ameisahihisha programu. Sasa mbaya ya mtu na mbaya ya nyumba zinahesabiwa sawasawa, na mbuni humuuliza mtumiaji ni ndege au ni mti. Tumekwama kwenye labda. Yeye ameliandika kuwa mizani mbili, kwa irabu. Mimi nalihesabu tatu, la-bu-da, kama linavyoimbwa. Juzi tuliwaita washairi watatu watuamulie, wawili wakasema mbili na mmoja akasema inategemea bahari ya shairi, na walipoondoka saa nne usiku walikuwa bado wanabishana njiani.